Namna ya Kuisoma Dunia ya Zama za Kati kwa Kufuata Njia Moja

Vitabu vingi vya historia huzigawa Zama za Kati katika sura zinazojitegemea: himaya katika sura ya kwanza, biashara katika ya pili, dini katika ya tatu, na tauni mwishoni, kana kwamba ilizuka baada ya mambo mengine yote kukamilika. Mgawanyo huo humfaa mtunga mitihani kuliko msomaji. Watu wa karne ya 14 waliyaishi mambo hayo manne kwa pamoja, kwani barabara iliyolindwa na askari wa khan, yaani mtawala wa Wamongolia, ndiyo iliyopitisha hariri, ndiyo iliyopitisha watawa na mashehe, na ndiyo iliyopitisha viroboto wenye vimelea vya tauni. Kwa hiyo namna bora ya kuielewa dunia hiyo, kwa maoni yangu, ni kuchagua njia moja, kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuandika kila kilichopita juu yake kwa tarehe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo, na unaweza kumfaa mwanafunzi anayejisomea peke yake, mwalimu na darasa lake, au kikundi cha wasomaji.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: karatasi kubwa, penseli, ramani nzuri ya maeneo yaliyo kati ya China na Bahari ya Atlantiki, na daftari lenye jedwali. Katika jedwali hilo weka safu za mahali, tarehe, mtawala, bidhaa, dini na maradhi, kisha uongeze safu ya mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, ambayo utaandika ni nani aliyetoa habari na yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati huo.

Kuchagua njia na kuichora

Kwa mara ya kwanza nashauri uchukue njia inayoanzia Ziwa Issyk-Kul, katika nchi ya leo ya Kirgizistani, ikapita kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari ya Kaspi hadi Sarai kando ya Mto Volga, ikafika Tana na Caffa kwenye pwani za kaskazini, kisha ikavuka Bahari Nyeusi hadi Konstantinopoli na kugawanyika mara mbili: tawi moja kwenda Messina na Italia, na jingine kwenda Aleksandria, Kairo na Dameski. Njia hii ina mashahidi wengi wa lugha na dini mbalimbali, na inapita chini ya dola za aina tofauti kabisa.

Usichore mstari mtupu. Pima umbali na ujiulize mtu aliutembea kwa muda gani. Msafara wa ngamia waliobeba mizigo ulikwenda takribani kilomita 30 hadi 40 kwa siku, na ulisimama mahali palipokuwa na maji na malisho. Jahazi lenye upepo mzuri lilikwenda mbali zaidi katika siku hiyo hiyo, lakini lilisubiri msimu wake. Katika Bahari ya Hindi msimu huo ndio uliotawala kila kitu, kwani kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na India kuelekea Afrika Mashariki, na kusi ikavirudisha. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri kwa kuifuata ratiba hiyo ya pepo kama kila nahodha. Msomaji asiyeweka muda kwenye ramani yake atashindwa baadaye kutambua iwapo ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa ngamia au wa meli, na hilo ni swali kubwa katika historia nzima ya tauni.

Nani aliilinda barabara, na kwa faida gani

Ukishachora, jaza safu ya watawala, lakini usiandike majina matupu. Kwa kila kituo uliza mambo mawili: mtawala huyu alipata nini kutokana na wasafiri, na aliwapa nini. Temujin, kiongozi wa Wamongolia, alitangazwa kuwa Chinggis Khan mwaka 1206, na alipofariki mwaka 1227 jeshi lake lilikuwa limekwisha kuharibu miji mikubwa ya Asia ya Kati. Mjukuu wake Hulagu aliiteka Baghdad mwaka 1258 na kumuua Khalifa al-Musta‘sim. Mjukuu mwingine, Kublai, alianzisha nasaba ya Yuan mwaka 1271 na kuimaliza dola ya Song Kusini mwaka 1279. Mauaji hayo yasipunguzwe uzito kwa sababu ya ustawi uliofuata, ingawa ni kweli kwamba koo hizo za kifalme zilizowaangamiza watu ziligundua upesi kwamba mfanyabiashara aliye hai hulipa ushuru mwaka baada ya mwaka. Zikaweka vituo vya kubadilishia farasi, zikatoa vibao vya idhini kwa wasafiri rasmi, na zikawakopesha wafanyabiashara mtaji.

Matokeo yake yanaonekana katika maandishi ya Francesco Pegolotti, mtumishi wa benki ya Bardi ya Florence, ambaye mnamo mwaka 1340 aliwaandikia wafanyabiashara wenzake kwamba njia ya kutoka Tana hadi China ilikuwa salama mchana na usiku. Andika habari hiyo katika jedwali, kisha uandike kando yake kwamba Abu Said, mtawala wa Wamongolia wa Uajemi, alifariki mwaka 1335 bila mrithi imara na dola yake ikasambaratika, na kwamba nasaba ya Yuan ingefukuzwa China na nasaba ya Ming mwaka 1368. Usalama ambao Pegolotti aliusifu ulikuwa tayari umeanza kupasuka, na tauni ilipita katika mwanya huo wa miaka michache ambapo njia bado zilikuwa wazi huku wenye kuzilinda wakigombana.

Kufuata bidhaa

Hapa wasomaji wengi hupotea kwa kupenda vitu vya thamani. Hariri, pilipili na dhahabu zinavutia, lakini panya hali hariri. Kwa safu ya bidhaa, hakikisha umeandika pia vitu vya kawaida, yaani nafaka, ngozi, manyoya, chumvi, samaki wa kukaushwa, na watumwa, ambao waliuzwa kwa wingi katika bandari za Bahari Nyeusi na baadhi yao kupelekwa Misri kuwa askari wa Wamamluki, watawala wa Misri na Shamu wa wakati huo. Miji ya Italia ilitegemea nafaka ya Bahari Nyeusi, na mgogoro kati yao na Khan Jani Beg, mtawala wa Wamongolia wa nyika za kaskazini, ulipoanza mwaka 1343, biashara hiyo ilivurugika kwa miaka kadhaa. Baadhi ya wanahistoria wa sasa wanaona kwamba kufunguliwa upya kwa biashara ya nafaka mwaka 1347 ndiko kulikoivusha tauni kwenda Konstantinopoli na Italia, kwa sababu maghala na meli za nafaka ni makao ya panya, na viroboto wanaweza kuishi safari nzima ndani ya mizigo. Hoja hiyo inaeleza kwa nini ugonjwa ulichelewa kuvuka bahari ingawa ulikuwa tayari pwani mwaka 1346, na ndiyo maana mimi naiona kuwa nzito kuliko hadithi maarufu nitakayoitaja baadaye.

Fuata pia fedha. Dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita Kilwa, ambako Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa na kuupanua msikiti mkuu. Dhahabu ya Afrika Magharibi ilifika Kairo kwa kishindo mwaka 1324, Mansa Musa wa Mali alipopita akienda kuhiji na kugawa kiasi kikubwa hivi kwamba bei ya dhahabu ilishuka mjini humo. Aliyeikusanya habari hiyo kwa kuwahoji watu wa Kairo ni al-‘Umari, karani na msomi wa Dameski, naye alifariki mwaka 1349 katika tauni. Mstari mmoja wa daftari lako, ule wa jina lake, utakuwa umeunganisha dhahabu, hija, utawala wa Wamamluki na maradhi.

Onyo moja kuhusu Kilwa. Jumba la Husuni Kubwa liliachwa katika karne hiyo hiyo ya 14, na msomaji mwenye haraka atataka kuchora mshale wa tauni hadi hapo. Usiuchore kwa kuwa tu tarehe zinakaribiana. Jumba la kifalme linaweza kuachwa kwa sababu ya mgogoro wa urithi, kushuka kwa bei ya dhahabu au gharama za kulitunza. Mshale huchorwa pale tu panapokuwa na shahidi au mabaki.

Dini kama makazi, mikopo na maelezo

Safu ya dini isijazwe kwa neno moja kama “Uislamu” au “Ukristo”. Andika dini ilifanya kazi gani mahali hapo. Kwa mfanyabiashara, kuwa na imani moja na mtu wa mji wa mbali kulimaanisha kuwa na kadhi wa kumwamulia kesi, mkataba wa mudaraba (ushirika ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hufanya kazi) unaoeleweka na pande zote mbili, na mahali pa kulala. Ghazan, mtawala wa Wamongolia wa Uajemi, alisilimu mwaka 1295, na Özbeg Khan wa Ulus ya Jochi (dola ya Wamongolia wa nyika za Volga), aliyetawala kuanzia mwaka 1313 hadi 1341, aliuimarisha Uislamu katika nyika za kaskazini. Wakati huo huo Wakristo wa Kanisa la Mashariki walikuwa wametawanyika hadi China, na mtawa wao Rabban Bar Sauma alitoka katika mji unaoitwa leo Beijing akafika Paris mwaka 1287.

Kisha andika dini iliwapa watu maelezo gani ya msiba ulipofika, na hapa kuwa mwangalifu sana usiweke Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine kana kwamba kila kundi lilikuwa na wazo moja. Katika Uislamu ilijulikana hadithi ya Mtume inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia, na wanazuoni wengi walifundisha kwamba muumini anayekufa kwa tauni ni shahidi. Hata hivyo Ibn al-Khatib wa Granada alitetea waziwazi kwamba ugonjwa huo unaambukiza, akitoa ushahidi wa bandari zilizougua baada ya kufika wageni na watu waliojitenga wakasalimika. Huko Dameski, mwezi Julai 1348, Ibn Battuta alishuhudia watu wakifunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja kuomba, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Torati yao, na Wakristo na Injili yao.

Upande wa Ulaya, Papa Clement VI alitoa amri mwaka 1348 za kuwalinda Wayahudi waliosingiziwa kutia sumu visimani, akieleza kwamba wao wenyewe walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo na kwamba ulikuwepo hata mahali ambapo Wayahudi hawakuishi. Amri hizo hazikuzuia mauaji ya Strasbourg ya tarehe 14 Februari 1349, ambapo mamia ya Wayahudi walichomwa moto. Tazama jedwali lako: wakati huo tauni ilikuwa bado haijaingia Strasbourg. Uvumi ulitangulia ugonjwa, na safu ya tarehe inaonyesha hivyo kwa namna ambayo maelezo ya jumla kuhusu “hofu ya watu” hayawezi kuonyesha.

Kusawazisha tarehe

Hatua hii inachosha, na ni lazima. Vyanzo vya njia yako vinatumia kalenda zisizopungua tatu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua, kwa hiyo kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha uongeze 622. Kwa mfano, mwaka 749 Hijria unakupa katikati ya mwaka 1348, na kwa hakika mwaka huo ulianza mwanzoni mwa Aprili 1348 ukaisha Machi 1349. Wakristo wa Kisiria walihesabu miaka kuanzia enzi ya Waseleuko, wafalme wa kale wa Shamu, na mwaka wao ulianza Oktoba, kwa hiyo utatoa 312 kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba na 311 kwa miezi mingine. Florence na Uingereza ziliuanza mwaka tarehe 25 Machi, jambo linalomaanisha kwamba hati iliyoandikwa “Februari 1348” huko ni Februari 1349 kwa hesabu yetu. Kosa la mwaka mmoja katika miaka ya kawaida ni dogo, lakini katika tauni iliyovuka bara zima ndani ya miaka michache, kosa hilo linaufanya ugonjwa urudi nyuma.

Ukishasawazisha, safu ya maradhi inajipanga vizuri: Konstantinopoli, Aleksandria na Messina mwaka 1347, Messina ikiwa mwezi Oktoba, Kairo, Dameski, Florence, Avignon na pwani ya kusini ya Uingereza mwaka 1348, Makka karibu na mwaka 1349, na Moscow mwaka 1353. Angalia jinsi Moscow, iliyokuwa karibu na nyika za Volga kuliko Messina, ilivyofikiwa mwishoni. Ugonjwa ulizunguka na meli kupitia Ulaya Magharibi kabla ya kuingia Urusi.

Kuwahoji mashahidi

Sasa rudi kwenye safu ya mwisho. Hadithi inayosimuliwa kuliko zote kuhusu tauni ni ile ya Jani Beg kurusha maiti kwa mitambo juu ya kuta za Caffa ili kuwaambukiza Wagenoa, wafanyabiashara wa Genoa ya Italia walioishi humo. Aliyeiandika ni Gabriele de’ Mussi, mthibitishaji wa hati wa Piacenza, kaskazini mwa Italia, na hakuna dalili kwamba alikuwa Krimea wakati huo. Hilo halithibitishi kwamba alidanganya, kwani huenda aliwasikia mabaharia, lakini linatosha kuizuia hadithi yake isiwe nguzo ya maelezo yote. Panya hawahitaji mitambo ili kuvuka ukuta.

Linganisha na makaburi ya karibu na Issyk-Kul. Kati ya mawe 467 ya makaburi yenye tarehe yaliyochunguzwa huko, 118 ni ya miaka ya 1338 na 1339 pekee, na baadhi yanataja kwa Kisiria kwamba marehemu alikufa kwa maradhi ya kuua watu wengi. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba walipata vinasaba vya Yersinia pestis, bakteria wa tauni aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, katika mifupa ya watu watatu kati ya saba waliopimwa. Hapa shahidi ni jiwe lililochongwa mwaka ule ule, mahali pale pale, na mwili ulio chini yake. Hata hivyo, kati ya makaburi hayo na pwani ya Bahari Nyeusi kuna miaka saba na maelfu ya kilomita, kwa hiyo sehemu hiyo ya njia ichore kwa nukta, si kwa mstari kamili, hadi mashahidi wengine wapatikane.

Shahidi wa kweli naye anaweza kukosea katika hesabu. Ibn Battuta alifika Kairo mwaka 1348 na simulizi yake inataja vifo 21,000 kwa siku moja. Ukiwapa wakazi wa mji huo idadi kubwa ya 500,000, ambayo baadhi ya wanahistoria wanaiona kuwa kubwa mno, kwa kasi hiyo wote wangekwisha ndani ya siku 24. Namba kama hiyo inaeleza uzito wa msiba ulivyohisiwa. Kwa hesabu zenyewe, tafuta daftari lililoandikwa kwa sababu nyingine kabisa, kama rejesta za maaskofu wa Uingereza zilizoandika kila padri mpya aliyeteuliwa kuziba nafasi ya aliyekufa. Rejesta hizo zinaonyesha kwamba katika dayosisi kadhaa karibu mapadri wawili kati ya kila watano, au zaidi, walifariki. Nazo zina kasoro, kwa kuwa padri aliitwa kando ya kitanda cha mgonjwa na wengi wao walikuwa watu wazima, kwa hiyo usiwapime wakulima wote kwa kipimo chao. Makadirio ya jumla kwa Ulaya ni kati ya theluthi na nusu ya watu, lakini tafiti za chavua (unga wa maua) iliyohifadhiwa kwenye matope ya maziwa zimeonyesha kwamba baadhi ya maeneo yaliathirika vibaya huku mengine yakiendelea kulima.

Kulinganisha yaliyofuata

Jedwali lisiishie mwaka 1353. Chagua nchi mbili za njia yako na ufuate mishahara, ardhi na sheria kwa miaka mia moja. Uingereza na Misri ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu zilipigwa na ugonjwa mmoja ndani ya mwaka mmoja hivi na zikaishia mahali tofauti. Uingereza, serikali iliharakisha kuzuia mishahara isipande kwa amri ya mwaka 1349 na sheria ya mwaka 1351, wakulima wakaasi mwaka 1381, na hatimaye waliobaki hai walipata ujira mkubwa na masharti mepesi zaidi ya ardhi. Misri, kilimo kilitegemea mifereji na kingo za Mto Nile zilizohitaji maelfu ya mikono kila mwaka. Mikono ilipopungua, mifereji ilijaa matope, mavuno yakashuka, na Wamamluki, ambao waligawiwa mapato ya ardhi bila kuishi kwenye ardhi hiyo, wakazidi kuwabana wakulima waliosalia. Wimbi jipya la tauni lilipokuja, lilikuta nchi ambayo haijapata nafuu. Kwa hiyo katika kila nchi uliza nani aliimiliki ardhi na kwa utaratibu gani ilimwagiliwa maji, kwani idadi ya wafu peke yake haitakupa jibu.

Mwisho ongeza bandari moja iliyojifunza. Ragusa, yaani Dubrovnik ya leo, iliishi kwa biashara na isingeweza kufunga malango yake. Mwaka 1377 baraza lake liliamuru kwamba watu watokao maeneo yenye tauni wakae mwezi mmoja Cavtat au kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan kabla ya kuingia mjini. Venice ilifungua hospitali ya kisiwani ya wagonjwa wa tauni mwaka 1423, na katika miji mingine muda wa kusubiri ukaongezwa kufikia siku arobaini. Katika safu ya bidhaa, mbele ya jina la Ragusa, andika kwamba meli ziliendelea kuja.